Moja Imerudi

Nyumbani, chumba cha uani
Jumapili, tarehe 14 Juni

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo, dada. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na shemeji na wapwa zangu wawili. Je, baridi ya huko imepungua? Na yule mdogo, jino lake la mbele limeota au bado anapuliza maneno kama mtu anayezima mshumaa? Mwambie mjomba wake anamuulizia.

Sisi huku tunaendelea. Goti la mama limetulia tangu aanze kukandwa na maji ya moto, na sasa amerudia kupanda kiti kufuta vumbi juu ya kabati, ukimkataza anakuuliza kama wewe ndiye uliyemzaa. Mvua zilichelewa, zikaja zote kwa siku tatu, uani kukawa bwawa. Paa la jikoni halivuji tena. Baba ni mzima wa mwili.

Usishangae mwandiko. Kifundo cha mkono wa kulia kimevimba, nimekifunga bandeji, ndiyo maana mistari inapanda na kushuka. Najua utasema, si ungepiga simu? Nimeambiwa niandike. Nimeambiwa simu nitakwepa, nitacheka mahali pasipo na kicheko, kisha nitasema mtandao unakata. Aliyeniambia hivyo ananijua vizuri, na utamwona huko mbele.

Dada, nimefanya jambo la aibu. Nimelizunguka wiki nzima, na hata sasa unaona nimeanza na jino na paa la jikoni. Basi nikae chini niseme.

Unakumbuka nilikuambia kwamba ofisini kwetu wameanzisha kikundi cha kuendesha baiskeli za milimani? Meneja wetu, yule mama mwembamba asiyepanda lifti, ndiye aliyekianzisha. Kila mtu akanunua baiskeli, na watu wa bima tunavyopenda vitu, ikawa mashindano ya nani kanunua nini. Mimi sikuwa na pesa ya kununua. Nikamweleza baba, nikitania tu. Miezi minne baadaye akaniita kibandani, akaweka kando tairi alilokuwa akiliziba, akavuta gunia, na chini ya gunia kulikuwa na baiskeli.

Sijui nikueleze vipi. Fremu aliitoa kwenye chuma chakavu, akaichomelea shingo, akaisugua kwa msasa mpaka ikang'aa, akaipaka kijani. Gia alizikusanya moja moja kutoka baiskeli tatu zilizokufa. Spoki zote alizifunga mwenyewe. Nilipoinua gurudumu na kulizungusha, lilikwenda bila sauti hata kidogo, na baba akasimama pale akilisikiliza lisivyolia. Nilimshukuru, ndiyo. Lakini Jumatatu, ofisini waliponiuliza nimeipata wapi, nikasema dada yangu ameniletea kutoka ng'ambo, mpya, kwenye boksi.

Naam, wewe. Meneja akasema dada yako anajua baiskeli. Nami nikaitikia, eti ndiyo, anajua sana. Wewe ambaye ukipanda baiskeli unashuka kwa kugonga ukuta! Naomba radhi kwa kukutia katika uongo wangu bila kukuuliza.

Siku ya safari ilikuwa Jumamosi ya wiki iliyopita, ile njia ya juu ya mgongo wa mlima unaoonekana kutoka dirisha la shule yetu ya zamani. Jioni ya kuamkia siku hiyo baba akaniambia, "Usukani ni mpya, nati haijakaa. Mkishapanda yale mawe italegea kidogo. Kabla ya kushuka lazima ikazwe. Nitakuja nayo spana." Nikamwambia asijisumbue, mzee wa miaka sitini na tisa atapandaje huko. Akasema, "Baiskeli yangu haijawahi kufika juu kule. Nataka kuiona."

Asubuhi tulikutana kwenye tangi la maji, watu kumi na mmoja. Nguo za kubana, miwani ya rangi, glovu. Na mara namwona baba anakuja. Alikuwa juu ya ile baiskeli yake nyeusi ya keria, boksi la vifaa limefungwa nyuma kwa kamba, suruali ameibana kwenye vifundo kwa vipande vya tyubu, kama alivyofanya siku zote unazomjua. Na shati lile jeupe, dada. Lile la kwenda nalo kwenye harusi. Alilivaa kwa ajili yangu.

Kuna mwenzetu mmoja tunamwita Kasuku, kwa sababu hanyamazi. Akasema, "Jamani, mzee wa maziwa amepotea njia." Watu wakacheka. Nami nikacheka. Sitasema nilitabasamu tu. Nilicheka, meno yote nje, kisha nikapanda baiskeli nikawa wa kwanza kuondoka, ili asinifikie kunisalimia.

Njia yenyewe ni nzuri, hilo siwezi kukunyima. Unapanda saa nzima kati ya misonobari, kifua kinawaka, halafu miti inakwisha ghafla na unajikuta juu ya mgongo wenyewe, njia upana wa mlango, kushoto bonde lote na mashamba yake madogo madogo, kulia msitu na bwawa linalong'aa chini kabisa. Upepo unakupiga ubavuni. Baiskeli ya baba ilipanda yale mawe kama inayajua. Kila nilipobadilisha gia ilikubali mara moja, tak, bila kusita. Kasuku na baiskeli yake ya bei mbaya alikuwa anapiga kelele za cheni nyuma yangu. Nilifurahi, dada. Na katika furaha ile sikugeuka hata mara moja kuangalia yuko wapi aliyeitengeneza.

Tulipofika kwenye lile bamba la jiwe ambapo watu hupumzika, cheni ya meneja ikakatika. Kila mtu ana glovu, hakuna mwenye kifaa. Tukasimama tukiitazama kama watu waliofiwa. Baada ya nusu saa hivi baba akatokea, anasukuma baiskeli yake kwa miguu, shati limelowa jasho mgongo mzima. Akaiona cheni, hakuuliza ni ya nani. Akaegesha, akafungua boksi, akapiga magoti.

Meneja akawa anamtazama anavyofanya kazi. Unaijua ile mikono. Akaniuliza, "Huyu mzee unamfahamu? Nimeona anakuangalia wewe."

Nikasema, "Ni fundi wangu."

Dada, unaikumbuka sheria ya kibandani. Kule ndani baba si baba, ni fundi. Mteja akisikia "baba, baba," alikuwa akisema, ataona amekuja kutembelea familia badala ya kutengenezewa baiskeli. Wewe ulijisahau mara mbili ukaadhibiwa kujaza upepo matairi ya mtaa mzima. Kwa hiyo wakati ule nilipotamka vile, kuna sauti ndani yangu iliniambia, si uongo, ndivyo tulivyolelewa kumwita. Nimeshikilia utetezi huo siku tatu. Haunisaidii. Pale juu hapakuwa kibandani, na mimi sikusema vile kwa sababu ya sheria. Nilisema kwa sababu ya vile vipande vya tyubu miguuni mwake.

Alikuwa na pini ya cheni mdomoni. Akaitoa taratibu. Akasema, "Ndiyo, mama. Mimi ni fundi wake." Kisha akanigeukia, wala hakukunja uso, "Bosi, nishikie hapa."

Nikashika. Cheni ikaunganika, meneja akaizungusha, akafurahi sana. Akasema baiskeli zote za kikundi atamletea huyu mzee, kwamba mafundi wa namna hii hawapatikani. Baba akamwambia karibu. Ningeweza kusema pale pale. Neno lenyewe silabi mbili tu, hata mtoto asiye na meno analisema.

Wakatoa vyakula, tukakaa juu ya jiwe. Meneja akamwita baba, baba akasema ameshiba, akaenda kukaa peke yake kando ya baiskeli yake, hatua kama ishirini hivi. Nikamwona anafungua kopo. Nikageuza uso, nikamsikiliza Kasuku akisimulia sijui nini.

Tulipojiandaa kushuka akanijia na spana yake kubwa, namba thelathini, mkononi. "Bosi, nikaze usukani?" Kasuku alikuwa ubavuni mwangu, anaitazama ile spana iliyochakaa na baiskeli yangu "ya kwenye boksi." Nikasema, "Haina haja, mzee. Hii imekazwa kiwandani."

Mzee. Nilimwita mzee, kama mtu yeyote unayempisha njiani.

Alinitazama kidogo. Akairudisha spana kwenye boksi, akalifunga na kamba, mafundo mawili.

Yaliyofuata utakuwa umeshayajua. Kona ya tatu ya mteremko, mahali penye mizizi, nikauzungusha usukani na gurudumu likabaki linakwenda kule lilikokuwa linakwenda. Niliruka mimi kwanza, baiskeli ikafuata. Namshukuru Mungu niliangukia upande wa msitu kwenye vichaka vya miiba, upande wa pili sasa hivi mngekuwa mnaandikiana nyinyi kwa nyinyi. Mkono ukateguka, kiwiko kikachubuka, suruali ya kubana ikapasuka mahali ambapo sitakutajia.

Wenzangu wakanizunguka. Kasuku akaushika usukani, ukazunguka mkononi mwake kama kifuniko cha chupa. Akasema kwa sauti, kama mtu ambaye hakusikia nilivyoikataa spana kule juu, "Nati imelegea! Si ulisema una fundi wako? Huyu ndiye aliyeishika mwisho. Huyu mzee angekuua!"

Baba alikuwa ndiyo kwanza anafika, ametupa baiskeli yake njiani akaja mbio. Mbio, na miguu ile. Alinishika kichwa kwanza, akanitazama macho, kulia na kushoto, kama alivyokuwa akitufanyia tukianguka utotoni. Kisha akaona watu wote wanamtazama yeye. Meneja akamuuliza, kwa upole lakini akamuuliza, kama ni kweli yeye ndiye aliyeishika mwisho.

Dada, unajua kazi yangu. Mimi ndiye ninayewaandikia watu barua kuwauliza ajali ilikuwa kosa la nani. Nimeandika barua hizo miaka sita. Nilikuwa nimekaa chini na akili zangu zote, nikakaa kimya.

Baba akasema, "Ni kweli, mama. Kosa langu. Nilisahau nati."

Meneja akashusha pumzi, akasema basi, zile baiskeli za kikundi watatafuta mahali pengine. Baba akasema sawa. Akanikazia usukani pale pale, spana ile ile, akaipanda yeye ile ya kijani na kuishusha polepole mpaka chini, huku mimi nikiteremka kwa miguu na wenzangu wakinishika mkono. Halafu akarudi tena kupanda mlima peke yake kuifuata ile nyeusi yake. Nilimwona kutoka dirisha la gari lililokuja kunichukua, anakwenda na shati lake jeupe.

Alifika nyumbani jua linazama. Akanawa. Akaweka kopo mezani mbele yangu, akalifungua, ndani mna mayai mawili ya kuchemsha na chumvi katika kikaratasi. Yalikuwa manne, mama ndiye aliyeyachemsha. Mawili yake, mawili yangu. "Bosi," akaniambia, "chakula chako kilibaki."

Mama akacheka, akadhani ni utani. Akauliza tangu lini huyu amekuwa bosi. Kisha akatutazama mmoja mmoja, na kicheko chake kikamwishia mdomoni. Yale mayai sikuyala. Nililala nayo mezani chumbani, na asubuhi nikashindwa hata kuyatupa.

Tangu siku hiyo hajanigombeza. Laiti angenigombeza! Ananisalimia, ananiuliza hali ya mkono, ananipisha mlangoni. Ananiita bosi, kwa heshima kabisa, kama mteja mgeni. Na jambo jingine nililoliona siku ya tatu, ulipopiga simu nami sipo: zamani angeniambia "dada yako amepiga." Safari hii alisema, "Binti yangu amepiga, ni mzima." Binti yangu. Kama vile anazungumza na mpangaji.

Ofisini kisa kikawa cha kuchekesha wakati wa chai. Kasuku anakiigiza, anapiga magoti, anakaza nati ya hewa, anasema "kosa langu, mama," na watu wanashika mbavu. Jumatatu nilinyamaza. Jumanne nikanyamaza. Jumatano jioni nikapita kibandani, na hapo ndipo niliposhikwa hasa.

Kibao hakipo mlangoni. Kile kibao chako, dada, ulichokiandika ukiwa darasa la tano kwa rangi nyekundu, IKITENGENEZWA HAIRUDI, na ile Z uliyoigeuza ikatazama nyuma, ambayo baba alikataa katakata isirekebishwe. Miaka yote ile. Misumari ipo, na alama ya mbao ambapo jua halijapiga ipo. Kibao chenyewe amekiweka ndani nyuma ya pampu, uso umegeuzwa ukutani. Nikamuuliza kimefanya nini.

Akasema, "Moja imerudi."

Sikulala. Siku ya pili nilikwenda kazini nikafanya kama mtu mwenye homa. Ijumaa asubuhi, katika kile kikao chetu kifupi cha kusimama, nikainua mkono mzima. Nikasema yule fundi ni baba yangu. Nikasema baiskeli ile aliitengeneza yeye kwa miezi minne, haikutoka kwenye boksi lolote. Nikasema alitaka kuikaza nati nikamkataza, kwa sababu niliona haya kuonekana naye. Nilisema haraka haraka, nikitazama kapeti. Kasuku akainama kufunga kamba ya kiatu ambayo haikuwa imefunguka. Meneja akaniuliza, "Na baba yako anajua kwamba sasa tunajua?" Nikasema bado. Akasema, "Basi umeanza na watu wasio wako. Nenda sasa hivi."

Nikaenda. Kibandani kulikuwa na wateja watatu. Baba ameinamia gurudumu, ananyoosha rimu. Nikasimama mlangoni nikasema, "Shikamoo, baba."

Akasema bila kuinua kichwa, "Hapa ni fundi."

"Najua. Shikamoo, baba."

Mama mmoja aliyeleta kibaiskeli cha mtoto akaingilia, "Mzee, si uitikie? Kijana kakuamkia." Baba akasema "marahaba," lakini aliiambia ile rimu. Basi nikayasema yote pale mbele ya wateja, ya jiwe, ya mayai, ya nati, na kwamba kosa halikuwa la fundi, hata chembe. Sauti ilinikatika katikati, mtu mzima mimi, na yule mama akaanza kuangalia kibaiskeli chake kana kwamba hajawahi kukiona. Ningekuwa na pa kujificha ningejificha, dada, lakini unakijua kibanda kile, hakina hata mlango wa nyuma.

Alipomaliza kuinyoosha ile rimu, akaizungusha, akaisikiliza. Ndipo akasema, "Kile kibao aliandika binti yangu. Akisema kinafaa kurudi mlangoni, kitarudi. Mwandikie. Usimpigie, ukipiga utakwepa. Mwandikie kama ilivyokuwa, usiache kitu. Ukimaliza, niletee hapa niisome kabla hujaifunga, nione kama haina nati iliyolegea."

Basi ndiyo hii. Imenichukua siku mbili na karatasi nyingi. Sikuombi unitetee kwake, wala usiwaze namna ya kunipunguzia. Nakuomba uamue la kibao tu, kwa haki. Ukiona kisirudi kwa ajili yangu, kirudi kwa ajili yake, maana katika maisha yake yote hakuna iliyorudi kwa kosa lake.

Nisalimie shemeji, na umwambie nimeacha majigambo, atafurahi. Wabusu wapwa zangu. Shangazi akipiga, mwambie mkono unapona. Mama anasema uvae soksi. Mungu awalinde katika nyumba hiyo, na awape watoto watakaowaita kwa sauti popote pale watakapokuwa, mbele ya yeyote.

Ni mimi mdogo wako ninayekupenda na kukuonea haya,
mtoto wa fundi baiskeli

Nyongeza: Baba ameisoma. Amevaa miwani, ameisoma mara mbili, kwa kidole. Ameomba nafasi hapa chini aandike mwenyewe.

*Binti yangu. Nimeisoma yote. Spana ya nati ile ni namba thelathini na mbili, si thelathini. Mengine yote ni kweli. Kibao tunangoja neno lako. Mayai nimemchemshia mengine, amekula.*

*Baba yenu*